Barafu ya Kwanza: Uvuvi wa Waendao kwa Miguu

Ifikapo katikati ya Novemba, mazungumzo ya watu wa Minnesota hubadilika. Kwenye foleni ya duka la chambo, kazini wakati wa chai, hata nje ya kanisa baada ya ibada ya Jumapili, swali huwa ni moja tu: barafu imefikia wapi? Jimbo hili lina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi, kwa hiyo jibu haliwezi kuwa moja. Ziwa dogo lililozungukwa na miti linaweza kuwa limekwisha kujifunika, ilhali ziwa kubwa lililo kilomita chache kutoka hapo bado linapiga mawimbi. Mimi nilizaliwa Musoma, kando ya Ziwa Victoria, ambako mvuvi huuliza habari za upepo na mwezi lakini hahitaji kuuliza iwapo maji yatambeba. Mama yangu aliposikia kwamba huku tunatembea juu ya ziwa, aliitikia shikamoo yangu kwenye simu kisha akaniuliza, "Mwanangu, tangu lini umekuwa Petro?" Nilimjibu kwamba Petro hakuwa na mtaimbo, mama.

Ninaandika haya kwa ajili ya ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili ambao wamehamia Minnesota, Wisconsin, Dakota Kaskazini au Manitoba, na ambao kila mwaka huyaona mabanda ya rangi yakichipuka juu ya maziwa bila kujua wenyewe waanzie wapi. Wengi hudhani kuwa uvuvi wa barafu ni kazi ya wenye magari makubwa, vibanda vyenye vitanda na mitambo ya maelfu ya dola. Hiyo ni kweli kwa Januari. Wiki mbili au tatu za mwanzo wa msimu, ambazo wenyeji huziita barafu ya kwanza, ni mali ya mtu aendaye kwa miguu na ndoo yake. Samaki wakati huo wako karibu na nchi kavu, katika maji ya kina kifupi, na bado wana njaa. Barafu ni nyembamba mno kubeba gari la mtu yeyote, tajiri au maskini. Hali hizo mbili zinapokutana, mvuvi mwenye vifaa vichache na uvumilivu mwingi huwa hajapungukiwa na kitu.

Barafu yenyewe haieleweki bila kuelewa tabia moja ya maji, ambayo kama isingekuwapo, samaki wasingeweza kuishi katika maziwa ya kaskazini. Maji huwa mazito zaidi yanapofikia nyuzi joto 4 za Selsiasi. Majira ya vuli yanapoupoza uso wa ziwa, maji yaliyopoa huzama na yale ya chini hupanda, na mzunguko huo huendelea mpaka ziwa zima likaribie nyuzi hizo 4. Kuanzia hapo maji yanayozidi kupoa huwa mepesi, hubaki juu, na usiku mmoja mtulivu usio na upepo wala mawingu unatosha kuyafunga. Chini ya kifuniko hicho joto husalia kidogo, hasa karibu na sakafu ya ziwa, na humo ndimo samaki wanamopitishia majira yote ya baridi. Upepo ndio unaochelewesha mambo, kwa kuwa huyakoroga maji na kuuvunja utando mchanga kabla haujashikamana. Ndiyo maana maziwa madogo na ghuba zilizokingwa hutangulia, na ziwa pana kama Mille Lacs, lenye ekari 132,000, hufuata baadaye sana.

Barafu inayotokana na usiku kama huo, ikiwa haijaangukiwa na theluji, huwa angavu kiasi kwamba huonekana nyeusi, kwa sababu jicho hupita moja kwa moja hadi kwenye maji yaliyo chini yake. Mgeni huiogopa, naye ana haki ya kuiogopa, maana anaona majani ya majini yakiyumba chini ya viatu vyake. Kumbe hiyo ndiyo barafu yenye nguvu kuliko zote kwa unene uleule. Barafu nyeupe hutokana na theluji iliyolowa maji ikaganda; imejaa vipovu vya hewa, na Idara ya Maliasili ya Minnesota huihesabu kuwa na takriban nusu ya nguvu ya ile angavu, hivyo unene unaohitajika huongezwa mara mbili. Barafu ya kijivu ina maji ndani yake, na hiyo haikanyagwi. Theluji mbichi nayo ina hila mbili: huyaficha madoa mabaya, na huifunika barafu kama blanketi, ikaizuia isinenepe hata baridi ya nje iwe kali namna gani. Theluji ya sentimita 15 ikianguka juu ya barafu ya siku mbili, mimi huwa naahirisha safari.

Vipimo vinavyotolewa na Idara hiyo ni vya barafu mpya iliyo angavu: inchi 4, yaani sentimita 10, kwa mtu mmoja anayetembea, inchi 5 hadi 6 kwa pikipiki ya theluji, inchi 9 hadi 10 kwa gari dogo. Idara haikosi kuongeza kwamba hakuna barafu iliyo salama kwa asilimia mia. Wapo vijana, na wazee wasiotaka kuzeeka, wanaoingia kwenye inchi 3 na kujisifu jioni. Siwafuati. Inchi moja ya ziada hupatikana kwa kusubiri usiku mmoja au miwili ya baridi kali, na samaki hawahami kwa muda huo.

Kipimo hicho hakitoshi kuchukuliwa mara moja ufukweni kisha ukakiamini mpaka katikati ya ziwa. Unene wa barafu katika ziwa lilelile hubadilika ndani ya hatua chache. Mahali mto unapoingia au kutoka, chini ya madaraja, kwenye mlango mwembamba unaounganisha maziwa mawili, penye chemchemi ya chini, na pale kundi la mabata bukini lilipokuwa likielea usiku kucha na kuyazuia maji yasigande, barafu inaweza kuwa nyembamba mno hata kama pembeni yake panabeba watu kumi. Magati ya wenye nyumba nayo ni ya kutazamwa, kwa sababu baadhi yao hutumia mashine za kupuliza vipovu ili nguzo zisiharibiwe na barafu. Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha mvuvi wa barafu ya kwanza ni mtaimbo: chuma kirefu kizito chenye ncha iliyochongwa kama patasi. Unautanguliza mbele yako na kuupiga chini kwa nguvu, mara mbili au tatu mahali pamoja, kabla ya kusogea. Ukipenya kwa pigo la kwanza au la pili, unarudi nyuma kwa nyayo zako mwenyewe, bila kujadiliana na mtu. Sauti pia husema. Barafu nene hujibu kwa mlio mzito, wa chini. Nyembamba hutoa mlio wa juu, kisha maji huonekana katika ufa. Pamoja na mtaimbo, ni vizuri kutoboa tundu na kupima unene kila baada ya mita 45 hivi, ambao ndio umbali unaopendekezwa na Idara.

Hatari hii si ya kubuni, wala si ya wageni peke yao. Ziwa linalovuta umati mkubwa zaidi mwanzoni mwa msimu ni Upper Red Lake, mwendo wa zaidi ya saa nne kwa gari kaskazini mwa Minneapolis. Ni ziwa pana lakini fupi kwa kina. Sehemu nyingi hazifiki mita 5, kwa hiyo hupoa haraka na kuganda kabla ya maziwa mengine makubwa. Tarehe 28 Novemba 2022, pande kubwa la barafu lilimeguka kutoka ufukweni mwa ziwa hilo likawabeba wavuvi wapatao 200, ambao iliwabidi waokolewe. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Desemba 2023, jambo hilohilo likajirudia, na watu zaidi ya 100 wakaondolewa kwenye barafu iliyoachana na nchi kavu. Tatizo la hawa halikuwa wembamba wa barafu iliyokuwa chini yao. Upepo uliisukuma barafu yote ikaachana na ufuko, na mkondo wa maji ukafunguka kati yao na nyumbani. Ziwa pana lililoganda karibuni lina udhaifu huo, na mtaimbo hauwezi kuugundua. Upepo mkali ukitabiriwa kuvuma kutoka ufukoni kuelekea ziwani, siku hiyo si ya ziwa kubwa.

Red Lake lina habari nyingine ninayopenda kuwasimulia wenzangu tuliokulia Ziwa Victoria, ambako sangara na sato wamepungua machoni petu. Maziwa mawili ya Red Lake, la Juu na la Chini, kwa pamoja ni makubwa kuliko ziwa lolote lililo ndani ya mipaka ya Minnesota peke yake. La Chini lote na sehemu kubwa ya la Juu ni mali ya Waojibwe wa Red Lake, wenyeji wa asili wa eneo hili, na asiye wa kabila hilo haruhusiwi kuvua humo kwa leseni ya jimbo. Wageni huvua katika sehemu ya mashariki ya ziwa la Juu tu. Katika miaka ya 1990 samaki wao mkuu, wolai, walikuwa wamekwisha kwa kuvuliwa kupita kiasi. Waojibwe wakaufunga uvuvi wao wa biashara, na mwaka 1999 kabila, jimbo na serikali ya shirikisho wakakubaliana kuufunga uvuvi wa wolai kabisa na kupanda vifaranga ziwani. Uvuvi ukafunguliwa tena mwaka 2006. Waliosubiri miaka hiyo yote wakala samaki, na sasa ni ziwa hilohilo linalojaza maegesho kila mwisho wa Novemba.

Mimi mwenyewe huanza msimu karibu na nyumbani, katika ziwa dogo ambalo, kwa desturi ya wavuvi wote wa dunia, sitalitaja jina.

Kabla ya vifaa vya kuvulia, ni lazima niseme juu ya vifaa vya kutokea majini. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, ambaye amejitumbukiza mwenyewe katika maji ya baridi mara nyingi kwa ajili ya utafiti, hufundisha hesabu rahisi ya moja, kumi, moja. Dakika ya kwanza ni ya kutawala pumzi, kwa sababu mwili huhema kwa nguvu bila ridhaa yako, na anayevuta maji wakati huo hufa akiwa bado ana joto. Dakika 10 zinazofuata ndizo ambazo mikono na miguu bado inatii. Kisha unayo karibu saa moja kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi, muda ambao watu wengi hawaujui, hivyo hukata tamaa mapema mno. Katika dakika zile 10 unageukia upande uliotoka, kwa maana barafu ya huko ilikwisha kukubeba. Unalaza mwili juu ya maji kwa kupiga miguu kama mwogeleaji, unajivuta juu ya ukingo, kisha unabingirika kuelekea ufukoni bila kusimama. Barafu iliyolowa haishikiki kwa mikono mitupu. Kwa hiyo kila mtu huvaa shingoni, juu ya koti, vipini viwili vyenye misumari iliyounganishwa kwa kamba, vya kuchoma barafu na kujivuta. Bei yake haifiki ile ya chakula cha mchana. Jaketi okozi ndani au juu ya koti ni jambo la busara pia, na wenye uwezo hununua suti nzima inayoelea.

Nguo ni suala jepesi: tabaka kadhaa, sufu au nyuzi za kisasa kwa ndani, na pamba iachwe nyumbani kwa kuwa ikilowa jasho haikauki. Juu ya viatu hufungwa vipande vya mpira vyenye njumu, kwa sababu barafu isiyo na theluji ni telezi kupita sakafu yoyote iliyopigwa nta, na wavuvi wengi huumizwa na kuanguka tu, bila hata kulowa.

Kwa uvuvi wenyewe, vifaa ni vichache. Keekee ya mkono yenye upana wa inchi 6 inatoboa barafu ya inchi 5 kabla hujaanza kuhema, na sioni sababu ya mtu kubeba mashine ya injini mapema hivi. Kelele yake peke yake ni hasara, kama nitakavyoeleza. Unahitaji upawa wenye matundu wa kuondolea vipande vya barafu, ndoo ya kukalia na kubebea samaki, tochi ya kichwani, na ufito mfupi wa sentimita 60 hadi 75 wenye mshipi mwembamba. Mshipi mnene unaokubalika wakati wa kiangazi hapa humfukuza samaki, kwa sababu maji yaliyotulia chini ya barafu ni angavu na samaki ana muda wa kutazama. Ndoana ninazopenda ni zile ndogo zenye kichwa cha tangsteni, chuma kizito kuliko risasi, ambacho hushuka haraka ingawa ni kidogo. Chambo ni samaki wadogo hai wa kununua dukani, au funza weupe. Rafiki yangu mmoja kutoka Kisumu alipowaona wale samaki wadogo kwenye beseni la duka, alimwuliza muuzaji kwa upole ni lini watakaangwa, akasema ni omena watupu. Nami nilimwambia, "Kaka, hawa wanakwenda kumtafuta mkubwa wao kwanza."

Sona nayo, yaani kile chombo kinachoonyesha samaki anapopita chini ya tundu, nimeikubali baada ya kuipinga kwa muda mrefu. Haimlazimishi samaki kula, lakini humwondolea mvuvi shaka ya kukaa juu ya maji matupu. Kamera za chini ya maji nawaachia wengine. Kumtazama samaki akikidharau chambo chako kwa saa nzima ni adhabu ambayo sioni kwa nini niilipie.

Sasa kuhusu mahali pa kutoboa. Mwanzoni mwa msimu, majani ya majini katika ghuba bado ni ya kijani, na kwa kuwa barafu ni angavu, mwanga huyafikia, nayo huendelea kutoa oksijeni. Wadudu wadogo hukaa humo, samaki wadogo hufuata wadudu, na wakubwa hufuata wadogo. Katika maji ya mita 2 hadi 3 utawapata bluugili, krapi na perchi ya manjano, na paiki mwenye meno akivizia ukingoni mwa majani. Wiki zinavyopita, theluji huzuia mwanga, majani hufa na kuoza, oksijeni hupungua humo, na samaki huhamia kwenye kina kirefu ambako ni lazima uwafuate kwa mwendo mrefu. Wolai, ambaye wanasayansi humwita Sander vitreus, ana ratiba yake mwenyewe. Nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga, kwa hiyo huona vizuri katika giza hafifu ambamo perchi hawezi kuona. Mchana hukaa chini ya mteremko. Jua linapozama hupanda kwenye maji mafupi kuwinda. Huo ndio wakati wake, na ni mfupi, pengine saa moja tu.

Hapa ndipo maandalizi yanapolipa. Juu ya barafu nyembamba na maji ya mita 2, kila hatua, kila ndoo inayoburutwa na kila tundu linalotobolewa husikika chini, na kivuli cha mtu kinaonekana. Kwa hiyo mimi hufika mapema alasiri, natoboa matundu yangu yote katika mstari kuanzia kwenye majani hadi chini ya mteremko, nasafisha vipande vya barafu, kisha naketi na kunyamaza. Sheria ya Minnesota inamruhusu mvuvi kutumia mishipi miwili kwenye barafu, ingawa wakati wa kiangazi ni mmoja tu. Wa kwanza huuweka kwenye mtego wa kibendera, ambao hushikilia chambo hai na kuinua kitambaa chekundu samaki anapovuta. Wa pili huuchezesha kwa mkono, sentimita chache juu ya sakafu, nikiinua na kushusha, kisha nikiuacha utulie. Mara nyingi samaki huchukua chambo wakati wa utulivu huo, si wakati wa mchezo. Mguso wa krapi ni wa ajabu, kwa kuwa huinua chambo kuelekea juu, hivyo badala ya kuvutwa, mshipi hulegea mkononi, na asiyejua hubaki akisubiri mvuto usiokuja.

Mgeni ataanza kusikia sauti. Barafu mpya hupanuka na kusinyaa joto linapobadilika, hasa machweo, na nyufa hukimbia kutoka upande mmoja wa ziwa hadi mwingine kwa ngurumo ambayo unaihisi miguuni kabla ya masikio. Kuna pia mlio mwembamba wa kufyatuka, unaoanza juu kabisa na kushuka ghafla, usiofanana na sauti ya kitu chochote cha asili. Sababu yake ni kwamba mtetemo unaposafiri ndani ya bamba la barafu, sauti za juu huenda kasi kuliko za chini, hivyo ufa mmoja wa mbali hukufikia ukiwa umenyooshwa, wembamba kwanza na uzito baadaye. Mzee jirani yangu, ambaye amevua tangu utotoni na ambaye ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza, husema kuwa barafu inayozungumza ni barafu inayokua. Anasema kweli kwa sehemu kubwa, lakini yeye pia haachi kubeba mtaimbo.

Waojibwe walikuwa wakivua juu ya maziwa haya kabla ya leseni kuwapo. Mvuvi alijifunika ili kulitia giza tundu, akaweza kuona hadi sakafuni kwa mwanga unaopita kwenye barafu ya nje, akashusha samaki wa mti aliyechongwa na kupakwa rangi, akamchezesha kwa kamba mpaka paiki aje, kisha akatumia mkuki. Vibanda vyenye giza vya namna hiyo bado vipo, na samaki wale wa mti sasa hutunzwa na wakusanyaji wa sanaa. Nimeketi katika kibanda kimoja kwa ukarimu wa mwenyeji, na nilitazama chini muda mrefu kuliko nilivyotazama televisheni yoyote.

Taratibu za sheria si ngumu. Mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea anahitaji leseni. Tundu la kuvulia kwa ndoana halipaswi kuzidi inchi 12 kwa upana. Maji ya ziwa hayaruhusiwi kuondoka ziwani ndani ya ndoo ya chambo, kwa sababu viumbe vamizi husafiri humo, kwa hiyo ukitaka kuwahifadhi samaki wadogo uliobaki nao, mwaga maji yale na kuweka ya bomba au kisima. Mtu anayetumia kibanda cha turubai chenye jiko la gesi aache matundu ya hewa wazi, maana monoksidi ya kaboni haina harufu na imeua wavuvi waliokwepa baridi. Na kabla ya kutoka nyumbani, mtu mmoja ajue unakwenda ziwa gani na utarudi saa ngapi. Mkiwa wawili, msitembee bega kwa bega. Mmoja awe nyuma kwa hatua kadhaa, akiwa na kamba.

Baada ya Krismasi, barafu ikishafika inchi 12 au zaidi, magari huingia, vibanda huburutwa hadi katikati, na ziwa hugeuka mji wenye mitaa. Watu huufurahia msimu huo, nami huwatembelea nikialikwa. Ila samaki wa jikoni kwangu hutoka katika majuma ya mwanzo, wakati maji ni ya baridi na minofu ni migumu na mitamu kuliko ya kiangazi. Perchi wadogo nawapara magamba, nawakata kwa pembeni, nawapaka chumvi, ndimu na kitunguu saumu, kisha nawakaanga wazimawazima, mifupa ikauke. Unga wa ugali hupatikana katika maduka ya Waafrika huko Brooklyn Park, na sukumawiki pia, ingawa ya Desemba ni ghali. Mzee jirani yangu hula wolai wake akiwa amezungushiwa unga wa biskuti na viazi pembeni, na amekataa katakata kula samaki mwenye kichwa. Hata hivyo ndiye aliyenionyesha kwamba wolai mkubwa ana nyama mbili ndogo mashavuni, laini kuliko sehemu yoyote ya mwili wake, ambazo wengi huzitupa pamoja na kichwa. Tunazikaanga peke yake kwa siagi, na kwa makubaliano yetu hula yule aliyetoboa matundu siku hiyo.